Michezo ya Kuvaa Usoni

(Hotuba iliyotolewa Kingerikiti mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya jambo lolote nilipendalo. Wenzangu waliotangulia wamesema juu ya bei ya kahawa, mikopo ya chuo kikuu na kiinua mgongo. Mimi nitasema juu ya michezo. Najua wako wakubwa wangu humu watakaojiuliza iweje mtumishi wa Serikali, mwenye watoto na mwenye mvi, atoke Dodoma mpaka Kingerikiti kuja kutusimulia michezo ya watoto. Nawaomba mnivumilie. Asiyependa kusikiliza na alale, mradi asikorome.

Michezo yenyewe ni ile inayoitwa ya uhalisia pepe. Mchezaji huvaa usoni kitu mfano wa miwani ya muunguza vyuma, ila hii haionyeshi nje hata kidogo. Ndani yake mna kioo cha picha na lenzi mbili, na kila jicho hupewa picha yake, tofauti kidogo na ya jicho la pili. Ubongo huziunganisha, na mara unaona mbali na karibu kama ulimwenguni. Jambo hili si la juzi. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha mwaka 1838 kwa michoro miwili na vioo. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na kompyuta, nacho kilishikiliwa na mtambo ulioning'inia kutoka darini. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo iliuza chombo chake cha kuchungulia, kikionyesha kila kitu kwa rangi nyekundu tu, nacho hakikupata wanunuzi wengi. Kisha mwaka 2012 kijana mmoja wa Marekani, Palmer Luckey, alichangiwa na watu wa kawaida zaidi ya dola milioni 2.4 ili atengeneze chake, na miaka miwili baadaye kampuni ya Facebook ikainunua kampuni yake.

Yangu ni Quest 2, iliyoanza kuuzwa Oktoba 2020 kwa dola 299 huko kwao. Mimi sikuinunua mpya. Niliipata kwa mpwa wangu wa Dar es Salaam alipotaka nyingine ya kisasa zaidi. Ina kamera nne zinazotazama chumba ili ijue kichwa chako kiko wapi na mikono yako iko wapi, nayo hubadilisha picha kati ya mara 72 na 120 kwa sekunde moja. Wanafunzi wa fizikia wataniuliza mengine wakati wa chai.

Nilipoivaa mara ya kwanza nilidhani raha yake imo katika uzuri wa picha. Mpwa wangu naye alidhani hivyo, akaniwekea kigari cha reli kinachopanda kilele na kushuka kwa kasi. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Dakika nne baadaye nilikuwa nimeinama juu ya beseni. Sababu ni rahisi: macho yanaripoti kwamba tunakwenda mbio, na masikio, ambayo ndani yake ndiko kuliko na kipimo cha mwendo na usawa wa mwili, yanaripoti kwamba tumekaa kwenye kiti. Taarifa mbili zikigongana, tumbo ndilo linalolipa. Abiria anayeteremka kona za kwenda Mbamba Bay huku macho yake yako kwenye gazeti anaujua ugonjwa huu, ingawa kwake mambo ni kinyume: masikio ndiyo yanayosafiri na macho yametulia.

Hapo nilijifunza jambo ambalo tangu siku ile ndilo ninalopimia mchezo wowote wa aina hii. Picha inayokubeba wakati wewe umekaa haiwi mchezo, ni safari ya basi isiyofika. Mchezo huanza pale mikono yako inapopewa kazi, na kazi hiyo ikawa ya haki.

Nitoe mfano. Mchezo ulionikamata kwanza unaitwa Beat Saber, uliotengenezwa na vijana wachache wa mji wa Prague, nchini Czech, ukatoka Mei 2018. Mchezaji hushika mapanga mawili ya mwanga, moja jekundu na jingine la buluu. Muziki hupigwa, na vipande vya mraba humjia mbio kwa mapigo ya muziki ule ule. Kila kipande kina rangi ya panga linalopaswa kukikata, na mshale unaoonyesha upande wa kukatia. Ni hayo tu. Mtoto wa miaka kumi huuelewa kabla hujamaliza kumweleza.

Lakini tazameni alama zinavyotolewa. Kipande kimoja kinaweza kukupa alama 115. Kati ya hizo, 70 ni za jinsi ulivyouzungusha mkono kabla ya kukata, 30 ni za jinsi ulivyouendeleza baada ya kukata, na 15 tu ndizo za kupita katikati ya kipande. Yaani mwenye shabaha ambaye bega lake ni vivu anaondoka na vijisenti. Nani humu hajawahi kufyeka uwanja wa shule hii kwa adhabu? Mnakumbuka aliyekuwa akidonoadonoa nyasi kwa ncha ya fyekeo, jua likamkuta pale pale, na yule aliyeinua mkono toka nyuma akaupeleka mpaka mbele, akamaliza sehemu yake na kwenda kulala. Vijana wale wa Prague, ambao sidhani kama wamewahi kushika fyekeo, wameiweka kanuni ile ile katika hesabu ya alama. Ndugu zetu wa ufukweni wanaocheza mganda nao wataniunga mkono kwamba ngoma haishii masikioni, hushuka mpaka magotini. Baada ya nyimbo sita shati langu huwa limelowa. Daktari wangu amefurahi, na mke wangu alifurahi pia mpaka siku nilipolipiga kabati la vyombo. Vikombe vitatu. Kifaa hukuchorea mstari wa mpaka unapoukaribia ukuta, lakini bingwa aliyekolea wimbo haoni mpaka.

Wa pili ni Superhot, kazi ya Wapolandi, ambao toleo lake la miwani lilitoka mwaka 2016. Mimi si mpenzi wa michezo ya bunduki, na Mwalimu wa Nidhamu asinitazame hivyo, maana adui wa humu ni watu wa kioo chekundu wanaovunjika kama glasi. Maajabu yake ni kwamba wakati haupiti mpaka wewe usogee. Ukitulia, risasi inatulia hewani mbele ya pua yako. Ukiinua mkono taratibu, nayo inasogea taratibu. Basi unasimama pale umepinda kama mti wa mvule uliopigwa na radi, ukihesabu: nikiinama huku nitaikwepa hii, lakini ile ya kushoto itanipata, afadhali kwanza nichukue chupa hii nimrushie yule.

Nilipoucheza niliwakumbuka wazee wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mzee akishika kete zake hakuna mwenye haki ya kumharakisha. Watazamaji wanaweza kumcheka, wanaweza kumtia maneno, lakini mchezo wenyewe unamngoja. Superhot umechukua subira ya bao ukaitia katika ugomvi. Tofauti ni kwamba mzee wa bao haumwi nyonga kesho yake.

Mchezo wa kupanda majabali, The Climb, wa kampuni ya Crytek ya Ujerumani, nitausema kwa kifupi. Huna miguu, una viganja tu. Ukining'inia kwa mkono mmoja muda mrefu nguvu zinakwisha na kiganja kinaachia, na mara kwa mara inabidi ujipake chokaa ili usiteleze. Nimesimama juu ya zulia langu mjini Dodoma, nikajua kabisa kwamba ni zulia, na magoti yakatetemeka. Mtu aliyelelewa katika vilima hivi, aliyepanda na kushuka kwenda shule kila siku, angedhani amezoea. Sikuzoea.

Lakini uliopo moyoni mwangu, na hapa watumishi wenzangu mtanielewa, ni Job Simulator. Uliundwa na kampuni ya Owlchemy Labs ya Austin, Texas, mwaka 2016. Hadithi yake ni kwamba tuko mwaka 2050, kazi zote zinafanywa na roboti, na roboti hao wamefungua jumba la makumbusho kuonyesha jinsi binadamu walivyokuwa wakifanya kazi, ila hawakumbuki vizuri. Unaweza kuchagua kuwa mpishi, fundi magari, muuza duka au karani wa ofisi. Mimi, ninayetoka ofisini saa tisa na nusu, huvaa miwani saa mbili usiku na kuwa karani wa ofisi.

Nimejiuliza sana kwa nini hali hii inanifurahisha. Katika ofisi ile kuna simu, kompyuta, mashine ya kahawa na mashine ya kunakilia. Mashine ile hunakili chochote unachoweka juu yake. Weka karatasi, inatoa karatasi. Weka donati, inatoa donati. Weka kikombe cha kahawa, unapata cha pili. Hakuna jalada linalopotea. Ukitupa kikombe kichwani mwa mkuu wako wa kazi, hakuna barua ya kujieleza. Hakuna kitu mezani kisichoshikika: kila droo inafunguka, kila kitufe kinabonyea na kutoa jibu papo hapo. Nadhani hilo la mwisho ndilo siri yake. Katika kazi yangu ya kweli natia sahihi leo na kuona matunda baada ya miaka miwili, kama yakionekana. Pale nabonyeza, na kahawa inamwagika.

Vijana mtakuwa mnasubiri Gorilla Tag, maana naona mmeanza kunong'onezana. Naam, watoto wangu hawataki mwingine. Ulitoka mwaka 2021. Kila mchezaji ni sokwe asiye na miguu, anayetembea kwa kuisukuma ardhi kwa mikono. Hakuna kubonyeza ili kwenda mbele. Na mchezo wenyewe ni nini? Kukimbizana. Mmoja anamgusa mwenzake, naye anageuka kuwa mkimbizaji. Nilicheka niliposikia, kwa kuwa sisi tulicheza kombolela nyuma ya majiko haya kwa kopo moja bovu, tukaitwa wavivu. Shida yake ni kwamba anayekimbizana nawe huwa hajulikani ni nani, yuko nchi gani wala ana umri gani, na lugha inayosikika mle si ya kanisani. Kampuni yenye kifaa iliweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini, kisha mwaka 2023 ikakubali miaka 10 chini ya usimamizi wa mzazi. Kwangu mimi mzazi hukaa chumbani humo humo na sauti hutolewa nje ili wote tusikie. Watoto wamenung'unika, na wataendelea kunung'unika.

Ndugu Mwenyekiti, nimebakiwa na dakika chache, na mchezo wa mwisho nimeuweka makusudi.

Mwaka jana mama yangu aliletwa Dodoma kwa matibabu ya nyonga. Wengi humu mnamjua, na baadhi yenu mlikula maandazi yake pale njiani bila kulipa. Alikuwa hawezi kutembea zaidi ya hatua kumi, na kila siku alikuwa akiuliza habari za nyumbani: mvua imeanza, kahawa imechanua, nani kazikwa. Nikapata wazo. Kuna programu ya Google Earth iliyotengenezwa kwa miwani ya aina hii mwaka 2016. Haina alama wala ushindi, kwa hiyo si mchezo hasa, ila unaweza kuruka juu ya dunia nzima na kushuka utakapo. Inahitaji kompyuta yenye nguvu, mpwa wangu akaja na yake. Kwanza nilikwenda London mwenyewe, nikasimama katikati ya majengo yaliyoinuka pande zote, kila moja na madirisha yake. Nikasema, sasa nitampeleka mama Kingerikiti.

Tukamketisha kwenye kiti, tukamvika, tukaruka kutoka Dodoma kwenda kusini. Alipoliona Ziwa Nyasa alilitambua kabla sijasema. Aliitambua milima pia, maana milima katika programu ile imeinuliwa kama ilivyo, akanyoosha kidole akasema kule ndiko mto ulikokuwa ukipita mwaka ule wa mafuriko. Nikashusha zaidi. Hapo mambo yakaharibika. Kadiri tulivyoshuka ndivyo nchi ilivyogeuka kuwa mkeka uliochorwa. Nyumba zilikuwa vidoa vya bati vilivyobandikwa chini. Ngolo za Wamatengo, ambazo mtu akisimama kando yake anaona shimo na tuta, zilikuwa madoa. Majengo ya London yalisimama, ya hapa yalikuwa yamelala. Mama alikaa kimya, akageuza kichwa huku na huku, kisha akaniuliza: "Watu wako wapi, mwanangu?" Akaivua mwenyewe.

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijawa nalo kamili. Najua sababu ya kifundi: miji ile imepigwa picha kwa ndege kutoka pembe nyingi, na huku kuna picha ya kutoka juu peke yake. Lakini mama hakuuliza juu ya ndege.

Siku mbili tatu baadaye watoto walikuwa wakicheza mchezo mwingine, unaoitwa Keep Talking and Nobody Explodes, uliotolewa na vijana wa Kanada mwaka 2015. Mmoja huvaa miwani na mbele yake kuna bomu lenye nyaya, vitufe na saa inayohesabu kurudi nyuma. Wenzake hawalioni bomu, ila wanazo karatasi za maelekezo, ambazo yeye haruhusiwi kuziona. Aliyevaa lazima aeleze kwa mdomo anachokiona, na wao wamwambie la kufanya. Kelele zake hazina mfano. Mama akauliza kutoka chumbani kuna nini, nao wakamweleza. Akasema aletwe kiti.

Karatasi zimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho yeye hakukisoma. Basi binti yangu akamfasiria kanuni, moja moja, na mama akazishika kichwani. Kwa mfano bomu likiwa na nyaya tatu na hakuna mwekundu, hukatwa wa pili. Kama mwekundu upo, unauliza kwanza waya wa mwisho ni mweupe? Ukiwa mweupe, kata huo huo. Usipokuwa mweupe, uliza nyaya za buluu ni ngapi. Ndani ya wiki moja yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa, na karatasi zilikuwa zimewekwa pembeni. Mjukuu amevaa miwani anatoka jasho, bibi amekaa kitini amefumba macho: "Zipo ngapi? Tatu. Kuna mwekundu? Hakuna. Kata wa pili, usitetemeke." Katika nyumba yangu hakuna aliyewahi kuufurahia uhalisia pepe kama yeye, na hakuivaa miwani hata mara moja zaidi.

Nikiweka michezo hii yote pamoja, ule ndio ninaouweka juu, na hauna picha nzuri hata kidogo. Ni bomu juu ya meza, katika chumba kimoja. Lakini ndani yake kuna mtu anayekuhitaji, na una kitu ambacho yeye hana.

Sasa nina ombi. Mama amerudi nyumbani, yuko hapa Kingerikiti, ila njia za bondeni hawezi tena kuzitembea na madaktari wamesema hatazitembea. Swali lake limeniingia, nikamwendea na daftari. Amenitajia visima, vivuko, njia za mkato, mashamba na jina la kila kilima, pamoja na nani alikaa wapi. Kurasa kumi na moja. Nusu ya majina hayo sikuyajua, mimi niliyezaliwa hapa. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu Dar es Salaam walianza kazi iliyoitwa Ramani Huria: walipita kwa miguu katika kata zinazofurika, wakaweka mitaro, njia na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea bila malipo. Hiyo si ile ramani ya kwenye miwani, na nyumba zetu hazitasimama humo kesho. Hata hivyo majina yatakuwapo, na atakayetaka siku moja kuijenga Kingerikiti ndani ya miwani hatalazimika kuanza na mkeka mtupu.

Nina simu mbili zenye programu hiyo na nimeziwekea chaji. Nahitaji vijana wanane, wawili wawili. Kesho saa moja na nusu, baada ya uji, tutakutana getini. Mvua ikinyesha tutangoja ipite. Tutaanzia nyumbani kwa mama, kwa sababu ameniambia kurasa mbili za mwanzo nimeziandika vibaya.